Mtangulizi si Mwasisi: Los Saicos wa Lima na Wimbo wa "Demolición"

Mwaka 1965 vijana wanne wa Lince, mtaa mmojawapo wa jiji la Lima katika Peru, walitoa santuri yenye wimbo uitwao "Demolición", yaani ubomoaji. Mwaka 2006 halmashauri ya mtaa huo iliweka bamba la ukumbusho lililotangaza kwamba hapo ndipo muziki wa panki ulipozaliwa duniani. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka 41, na katika muda huo kundi hilo lilisahauliwa, likafufuliwa, kisha likatukuzwa. Swali linaloukabili uhakiki ni hili: je, sifa hiyo inausaidia wimbo usikike, au inauziba?

Historia yenyewe ni fupi. Los Saicos walianza mwaka 1964. Erwin Flores aliimba na kupiga gitaa. Rolando Carpio alipiga gitaa la kuongoza, César Castrillón besi, na Francisco Guevara ngoma. Inasimuliwa kwamba jina lao lilitokana na neno la Kihispania lenye maana ya watu wanaofurahia kuwatesa wengine, likapunguzwa herufi moja ili lisije likazuiwa. Mnamo 1965 na 1966 walitoa santuri ndogo sita, kila moja na nyimbo mbili, kisha wakatawanyika. Nyimbo hizo 12 walizitunga wenyewe, wakati ambapo vijana wengi wa Amerika ya Kusini waliridhika kuiga nyimbo zilizotoka Uingereza na Marekani. Kwao Lima walivuma. Nje ya Peru hawakujulikana.

Ama kuhusu "Demolición", husemwa mara nyingi kwamba ni wimbo wa hasira. Maneno yake hayaithibitishi kauli hiyo. Wimbo hufunguliwa kwa silabi tupu zisizo na maana, zinazopigwa kwa ulimi kama vile ngoma inavyopigwa kwa fimbo. Kisha huja mwito wa kuangusha kituo cha gari la moshi. Kitenzi cha mwito huo kimo katika nafsi ya kwanza wingi, hali ya kuhimiza, sawa na tu- pamoja na kiishio -e katika Kiswahili. Baada ya hapo mwimbaji hurudiarudia kitenzi-jina peke yake, kama mtu asemaye "kubomoa, kubomoa", bila nafsi wala wakati. Hivyo lugha inabomolewa hatua kwa hatua: mwito unaomhusisha msikilizaji unapungua hata likabaki tendo lisilo na mtendaji. Sauti ya Flores, iliyokwaruza na kukaribia ukelele, inakamilisha kazi iliyokwisha kuanzwa na sarufi.

La kuzingatiwa zaidi ni kile kisichomo. Hatajwi adui, halitolewi dai, wala kituo chenyewe hakipewi jina. Sababu pekee inayotolewa ni kwamba wasemaji wanapenda kulipua vituo. Huu ni utani wa vijana unaopata nguvu zake kwa kukataa kujieleza. Lakini maana ya utani haikai pahali pamoja. Kuanzia mwaka 1980 Peru iliingia katika vita vya ndani vilivyoua maelfu ya watu, na milipuko ikawa msiba wa kila siku. Aliyeusikia wimbo huo baada ya hapo alisikia maneno yale yale, ila kicheko kilikuwa kimeondoka. Mhakiki anayeufanya wimbo huo tamko la kisiasa la mwaka 1965 anayarudisha nyuma mambo ambayo yalikuwa hayajatukia.

Kosa la namna hiyo ndilo lililomo katika bamba. Mwaka 1965 neno "panki" halikuwa jina la aina ya muziki. Waandishi wa Marekani walianza kulitumia hivyo miaka ya mwanzo ya 1970, wakizielezea bendi za vijana waliofanyia mazoezi katika gereji za nyumba zao. Na mwaka 1976, Ramones wa New York walipotoa santuri yao ndefu ya kwanza, jina lilishika. Los Saicos walitangulia, hilo halina ubishi. Hata hivyo mtangulizi si mwasisi. Mwasisi huweka msingi ambao wengine hujenga juu yake. Mtangulizi huweza kupita njia peke yake, nyasi zikaota tena, na wengine wakaifyeka upya bila habari zake. Santuri za Los Saicos hazikuwafikia wengi nje hadi zilipokusanywa na kutolewa Hispania mwaka 1999.

Tena sifa ya uasisi inaupunguza mkusanyo wao. Wenye kutafuta chanzo cha panki huchagua nyimbo za makaburi, za mfungwa mtoro wa Alcatraz na za maziko ya paka, wakaziacha "Ana" na "Te amo", ambazo ni za mapenzi. Zote ni za watu wale wale, na katika zote Kihispania kinajaribiwa uwezo wake wa kubeba muziki uliokuja na lugha nyingine.

Jaribio hilo ndilo haki ya Los Saicos ya kukumbukwa, nalo halihitaji kushinda mbio zozote dhidi ya New York wala London. Kuwaita wa kwanza katika panki ni kuwapima kwa kipimo kilichokatwa kwingineko, kisha kufurahi kwamba wametosha. Rolando Carpio alifariki mwaka 2005, mwaka mmoja kabla ya bamba kuwekwa. Gitaa lake limo katika santuri zile sita, na hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanzia.