Mutoto wa Kindu: Alama Zangu kwa Kaseti Tatu za Remmy Ongala

Nyumbani kwangu hapa Kalima kuna sanduku la mbao lenye kaseti za zamani. Zingine zimeharibiwa na unyevu, zingine mukanda ulikatika nikaunganisha na skochi. Nyingi ni za Franco, Tabu Ley na Zaiko, maana wakati mashine za bati zilikuwa zingali zinanguruma, hizo ndizo tulisikilizaka kila siku ya mushahara. Zote Lingala. Lakini chini kabisa ya sanduku kuna tatu za Kiswahili, za mutoto wa kwetu. Mwezi huu nimezisikiliza upya na kuzitolea alama, sawa vile mwalimu anasahihisha.

Tumujue kwanza. Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Remmy, alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam akaingia Orchestra Makassy ya mujomba wake, Mzee Makassy. Nyuma yake akaongoza Super Matimila, na watu wakamwita Dokta Remmy. Alikufa huko tarehe 13 Desemba 2010. Watanzania wamemupa hata kituo cha Sinza: panaitwa Kwa Remmy. Na sisi Maniema? Uliza kijana wa Kindu au wa Kalima, atakuambia: "Si ni Mutanzania ule?" Hapo ndipo ninaumia.

Kipimo changu si usafi wa sauti. Kwetu Walega, katika bwami, wimbo ni shule: unaimbwa pamoja na methali, na anayecheza anafundishwa. Basi ninauliza: wimbo ukiisha, unaniachia neno gani la kubaki nalo? Na je, ninaweza kuupiga mbele ya wazee bila haya?

Ya tatu ni "Mambo", ya mwaka 1992. Zamani niliiweka ya kwanza! Ilirekodiwa vizuri, kila gitaa linasikika peke yake kama mutu anayeongea na wewe. Lakini nyimbo kadhaa, kama "One World", ameziimba Kiingereza. Ninaelewa: alitaka wazungu wamusikie. Shida ni kwamba mutu ambaye nguvu yake ni kuongea na wanyonge, akibadilisha luga, munyonge anabaki mulangoni. "Inchi Yetu" ndiyo inaniokolea kaseti ile. Ninatoa 6 juu ya 10.

Ya pili ni "Songs for the Poor Man", ya 1989. Jina la nje ni la Kiingereza, lakini ndani ni Kiswahili chenye nyama. "Kipenda Roho" inachezesha hata mwenye mugongo mubaya. "Sauti ya Mnyonge" inasema jina lake lenyewe. Na "Muziki Asili Yake Wapi" ni swali ambalo hata chama chetu cha mila hakijalijibu. Lawama yangu ni moja: kila kitu kimepangwa sana. Ninakosa ule mulio wa dansi unaoanza saa tatu usiku na kuisha jogoo akiwika. 8 juu ya 10.

Ya kwanza ni "Nalilia Mwana", ya 1988. Sauti yake si safi, na kaseti yangu ni kopi ya kopi. Nilikuwa ninaidharau. Halafu nikafiwa na yaya yangu. Usiku wa kilio, betri za redio zikiwa karibu kuisha, nikaiweka ili watu wasisinzie. Ilipofika kwenye wimbo wa kifo, "Siku ya Kufa", wamama wazee wakanyamaza. Mumoja akaniuliza: "Huyu anayelia ni mutoto wa nani?" Nikamujibu: "Wa Kindu." Akasema: "Aa, ndiyo maana." Hakuuliza tena kitu. Mi ninatoa 9 juu ya 10. Ile moja ninaizuia juu ya mulio wa kaseti yenyewe.

Sisemi kama muziki wa Remmy ni wa Kilega. Hapana. Magitaa yake ni ya rumba yetu ya Kongo, na maneno mengi ni ya Dar es Salaam, kule ambako aliishi na kuteseka na watu. Tukimudai mzima mzima tutakuwa waongo. Lakini kukaa kimya vilevile ni uongo. Mutu anaweza kuwa na nyumba mbili, na ile alimozaliwa isifungwe mulango.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo: mwenye kaseti yake, Kindu, Pangi ao Kalima, asiitupe. Alete, tuiweke kwenye kompyuta mbele unyevu haujaimaliza. Watoto wetu wasije wakaambiwa na wageni kwamba sauti ile ilitoka kwao.