Simu Iliyomwita Branca

Mashabiki wa besiboli wakizungumzia Oktoba 3, 1951, huanzia pale mpira wa Bobby Thomson wa New York Giants ulipotua. Mimi naona mchezo ule uliamuliwa dakika chache kabla, kwenye simu ya kocha wa Brooklyn Dodgers, Charlie Dressen.

Dodgers na New York Giants walikuwa wamemaliza msimu wakiwa sawa, ikabidi zichezwe mechi tatu za kumpata bingwa wa Ligi ya National. Kila timu ilishashinda moja. Katika hii ya tatu, kwenye uwanja wa Polo Grounds, Dodgers waliingia ngwe ya tisa, ya mwisho, wakiongoza 4-1. Wakiwatoa wapigaji watatu tu, kazi imekwisha.

Mrushaji wao, Don Newcombe, alikuwa hoi. Septemba 29 alirusha mechi nzima dhidi ya Philadelphia Phillies. Kesho yake akaitwa tena kuokoa jahazi, akarusha karibu ngwe sita. Sasa mkono ulianza kumgomea. Alvin Dark wa Giants akapiga, akafika kituo cha kwanza. Hapo Gil Hodges, mlinzi wa kituo hicho, akabaki ameganda karibu na kituo ili Dark asiondoke mapema. Kwa nini? Unapoongoza kwa alama tatu, mkimbiaji huyo hakusumbui. Aende anakotaka, wewe rudi nyuma uzibe nafasi. Don Mueller akaupitisha mpira kwenye nafasi hiyo hiyo. Monte Irvin akatolewa, kisha Whitey Lockman akapiga akafika kituo cha pili, Dark akaingia: 4-2. Mueller akaumia kifundo cha mguu akiserereka kwenye kituo cha tatu, Clint Hartung akaingia kukimbia badala yake.

Dressen akainua simu. Upande wa pili, Carl Erskine na Ralph Branca walikuwa wakipasha misuli, na msaidizi wake Clyde Sukeforth akiwaangalia. Taarifa ilikuwa fupi: Erskine ametoka kurusha mpira wa kupinda, umedunda chini kabla ya kumfikia mdakaji. Dressen akamtaka Branca.

Hofu hiyo inaeleweka. Mpira ukidunda na kumpita mdakaji, aliye kituo cha tatu anakimbia nyumbani. Tena siku hiyo mdakaji mkuu, Roy Campanella, alikuwa majeruhi, na nafasi yake ilishikwa na Rube Walker. Lakini piga hesabu. Hartung angeingia, ingekuwa 4-3, Dodgers bado mbele. Mtu wa kuogopwa alikuwa Lockman, aliyebeba alama ya kusawazisha, na zaidi yake Thomson mwenyewe mwenye rungu mkononi. Ukuta wa Polo Grounds upande wa kushoto ulikuwa futi 279 tu kwenye mstari wa pembeni, kama mita 85. Katika uwanja wa namna hiyo, mpira unaodunda chini hugharimu alama moja. Unaobaki juu unaweza kugharimu tatu. Dressen alijikinga na hasara ndogo akaiachia mlango ile kubwa.

Na kumbukumbu za wiki hiyo zilikuwepo. Siku mbili tu nyuma Branca alirusha ngwe nane katika mechi ya kwanza, akapoteza 3-1, na Thomson alimpiga mpira ukavuka ukuta. Sheria ya besiboli haina huruma hapa: mrushaji akitolewa harudi tena siku hiyo, kwa hiyo simu ile ilikuwa ya uamuzi usiorekebishika. Wapo wanaosema Branca angempa Thomson kituo cha kwanza bure, kisha akabiliane na Willie Mays, kijana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza. Sikubaliani nao. Kumweka kituoni mtu mwenye alama ya ushindi ni kamari, hata kama anayefuata ni mgeni wa ligi.

Branca alirusha mpira wa kwanza wa kasi, ukahesabiwa sahihi. Wa pili aliupeleka juu na ndani, karibu na mwili, akikusudia kumwandaa mpigaji kwa wa kupinda, chini na nje. Thomson akaupiga huo wa pili ukavuka ukuta; wa kupinda haukupata nafasi ya kurushwa. Giants 5, Dodgers 4.

Redioni, Russ Hodges wa kituo cha WMCA alilipuka, akirudia tena na tena kwamba Giants wamechukua ubingwa. Sauti hiyo tunayo kwa sababu shabiki mmoja aliyeishi Brooklyn alimwomba mama yake arekodi mwisho wa matangazo. Wengi hukumbuka kelele. Mimi nampenda Hodges wa sekunde chache kabla, anapowapanga wakimbiaji masikioni mwa msikilizaji: Hartung hatajihatarisha kwenye cha tatu, Lockman hajasogea sana kutoka cha pili, lakini Thomson akipiga, Lockman atakimbia kama upepo. Mtangazaji alishajua jicho liwe kwa nani.

Mwaka 2001 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba msimu huo Giants waliiba ishara za wadakaji kwa darubini kutoka chumba chao kilichokuwa nyuma ya uwanja wa kati, na kuzipitisha kwa waya na kengele. Thomson alikana kwamba alipewa ishara ya mpira ule. Iwe hivyo au la, ishara hutaja mpira unaokusudiwa tu. Haihakikishi utafika kimo gani, na huu ulifika pale ambapo rungu liliweza kuupata.

Oktoba 2, 1953, Erskine alipanda kwenye kichuguu cha mrushaji dhidi ya Yankees katika fainali za World Series, safari hii Campanella akiwa mdakaji. Aliwatoa wapigaji 14 kwa kuwakosesha mpira, rekodi ya fainali hizo wakati ule, na silaha yake kubwa ilikuwa mpira ule ule wa kupinda.