Hasara ya Shirika

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuipitia tarjuma ya mkataba wa bima ya shehena. Mfasiri hakuwa mvivu. Kila neno la Kiingereza alilitafutia mwenziwe wa Kiswahili. Lakini nilipokifikia kifungu cha kugawana hasara nikakuta "wastani wa jumla", nikaiweka kalamu chini.

Desturi iliyokusudiwa pale ni kongwe. Chombo kikielemewa na dhoruba, nahodha akaamuru sehemu ya shehena itoswe ili kilichobaki kisalimike, mwenye mali iliyotoswa haachiwi msiba peke yake. Mwenye chombo na wenye shehena iliyookoka humchangia, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Warumi waliiandika katika mkusanyiko wa sheria wa Justinian wa mwaka 533, wakiinasibisha na kisiwa cha Rhodes. Leo huongozwa na Kanuni za York na Antwerp, na bado ina meno. Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, wenye makontena ambao hawakupoteza hata msumari walitakiwa kuweka dhamana ya kuchangia gharama za kuinasua.

Neno lililomponza mfasiri wetu ni average. Wanaisimu wengi hulirejesha kwenye Kiarabu, awar, yaani kasoro au uharibifu, likapitia bandari za Italia hata likafika London. Maana ya wastani katika hesabu ilizaliwa baadaye, kutokana na kule kugawana hasara kwa uwiano. Mfasiri amemchukua mjukuu akamvika kilemba cha babu.

Mimi ningeandika "hasara ya shirika". Kabla shirika halijawa jina la kampuni, lilikuwa ni watu kushirikiana katika mali. Na hasara isiyochangiwa na wengine, hiyo iitwe "hasara ya mwenyewe".

Mkataba ule ulisema pia "kutupa mizigo nje ya meli". Kinachotupwa ni taka. Mali hutoswa, na tofauti hii si ya urembo, kwani sheria inataka hasara iwe imekusudiwa kwa usalama wa wote. Kontena lililochukuliwa na wimbi halikutoswa, na wenziwe hawadaiwi kitu. Vijana wetu wanaolalamika kwamba wapenzi wao wamewatosa wamelielewa neno hili kuliko mwanasheria: wanajua kwamba yuko aliyeamua.

Lawama isiwaangukie wafasiri pekee. Sisi washairi tumekigeuza chombo kuwa ndoa, chama na nchi, huku nahodha wa tungo zetu akishika usukani, akitweka tanga na kufua maji ya ngamani, kana kwamba hakupakia baharia hata mmoja. Nimesoma beti ambamo omo na tezi zimebadilishana mahali kwa ajili ya kina tu. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyetutoka mwaka 2021, alifanya kazi ya ubaharia kabla diwani yake Kimbunga haijachapwa mwaka 1994. Tuliobaki wengi wetu ni abiria.

Liko neno jengine linalonisumbua zaidi, nalo ni ajali. Mkataba ulilitumia kwa kila baya la baharini. Asili yake ni muda aliokadiriwa mja, na mtunzi wa maombolezo hulihitaji kwa maana hiyo. Mimi mwenyewe nimelitumia. Mtu wa bima anakusudia karibu kinyume chake: jambo ambalo lingeweza lisitokee. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 juu ya bima za baharini huyaweka kando hata mapigo ya kawaida ya upepo na mawimbi, kwa kuwa hayo ni ya kutarajiwa. Na meli iliyopakia abiria kupita kiasi, kama Spice Islander iliyozama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, tuiweke wapi? Tukisema ajali tukanyamaza, tumekwisha kumwondolea mtu lawama kabla hajaulizwa. Nilipendekeza "masaibu ya bahari" kwa yale yasiyotarajiwa, na uzembe uitwe uzembe.

Mapendekezo yangu niliyapeleka kwa mkono, kurasa nne. Mkataba, nilivyoambiwa baadaye, ulichapwa na wastani wake.