Shilingi 300 kwa Ekari: Mkataba wa Kitengela Ulikobana na Ulikoachia

Ukifungua mkataba wowote wa mradi hapa nchini, uwe wa barabara, wa maji au wa shule, hukosi kukuta kifungu kinachosema kwamba wahusika watashirikiana kwa nia njema. Kifungu hicho hakijawahi kumzuia mtu kufanya alichotaka. Hakina tarehe wala mahali, na hakisemi mkaidi atapoteza nini. Wanasheria hukiandika kwa mazoea, wenye mradi hukiruka wanaposoma.

Ndiyo maana inafaa kuuchambua mpango mmoja wa Kajiado ambao nguvu yake ilitoka kwingine kabisa. Huo ni mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyamapori, ulioanza Kitengela mwaka 2000 kwa familia chache mno na baadaye ukafikia mamia ya kaya na makumi ya maelfu ya ekari. Kama maelezo ya ushirikiano wa wahusika wengi katika mradi mmoja, sijaona karatasi ya Kenya inayofunza zaidi, kwa mazuri yake na kwa pengo lake.

Kwanza tatizo lenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na pande tatu imezungushiwa ua. Upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, umeachwa wazi, kwa sababu nyumbu na pundamilia wake hawakai ndani mwaka mzima. Mvua ikinyesha hutawanyika kwenye nyanda za Athi-Kaputiei, eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,200, kisha kiangazi huwarudisha kwenye maji ya hifadhi. Nyanda hizo ni malisho ya Wamaasai. Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, na mwaka 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ ikaota Athi River, na wafanyakazi wake wakahitaji pa kulala. Mji wa Kitengela ukafura kando ya barabara ya Namanga. Wakaja madalali, wakaja wachimba mawe ya kujengea, zikaja nyaya za ua.

Kwa macho ya mwandishi wa mikataba, hali ilikuwa hivi: wanyama ni wa umma na husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Nyasi ni za mwenye shamba. Faida ya utalii huingia getini, upande wa Nairobi. Hasara ya mbuzi aliyeliwa usiku huingia bomani, upande wa Kitengela. Na KWS haikuwa na uwezo wa kumwambia mwenye hatimiliki asijenge ua kwenye ardhi yake. Amri isingefanya kazi. Palihitajika makubaliano, tena na mtu mmoja mmoja, kwa kuwa ranchi ya pamoja ilikwisha vunjwa.

Marafiki wa Hifadhi ya Nairobi, chama kinachojulikana kwa kifupi kama FoNNaP, ndio walioanzisha majaribio, na baadaye uendeshaji ukawa chini ya The Wildlife Foundation. Helen Gichohi, mwanaikolojia aliyekuja kuongoza African Wildlife Foundation, aliueleza mpango huo katika andiko lake kwa Kongamano la Dunia la Hifadhi la Durban mwaka 2003. Masharti yalikuwa mafupi. Mwenye ardhi asizungushe ua. Asilime. Asichimbe mawe. Asiuze wala kugawa kipande alichokiandikisha. Asiwinde, na akiona majangili atoe taarifa. Mifugo yake iendelee kulisha kama kawaida. Kwa hayo atalipwa shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka, wakati huo kama dola nne za Marekani.

Msomaji wa haraka ataona orodha ya makatazo na bei. Ustadi umejificha kwenye namna ya kulipa.

Pesa haikutolewa kwa mkupuo. Iligawanywa mara tatu, na awamu hizo zikapangwa ziangukie kipindi cha kufungua shule. Katika kalenda ya miaka hiyo, hiyo ni Januari, Mei na Septemba. Mfugaji mwenye ekari 100 alikuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kila muhula. Ni pesa kidogo. Lakini fikiria bila hiyo pesa angefanya nini wiki ya kufungua shule. Angepeleka ng'ombe sokoni siku ambayo kila jirani naye amepeleka wake, kwa bei ya kutupa, au angeita dalali wa ploti. Kwa hiyo mpango ulimfikia mwenye shamba saa ileile ambayo ardhi huponyoka mikononi. Hapo sharti la "usiuze" likapata mguu wa kusimamia, kwa sababu mkataba uliondoa sababu ya kuuza kabla ya kukataza kuuza. Ningependa kila mwandishi wa mikataba ya miradi ya vijijini asimame hapo kidogo. Wengi wetu hupanga malipo kwa kufuata robo za mwaka wa fedha wa mfadhili, tarehe zisizo na maana yoyote kwa mtu anayelipwa.

Jambo la pili, malipo yalitolewa hadharani, mkutanoni, watu wakishuhudia. Sheria yetu ya mikataba inataka makubaliano yanayohusu haki juu ya ardhi yaandikwe, yatiwe saini na kila upande, na saini zishuhudiwe. Hilo ni la mahakamani. Mkutano wa hadhara ulifanya kazi nyingine. Jirani aliyesikia jina la fulani likiitwa na ekari zake zikitajwa alijua pia kwamba fulani ameahidi kutoweka ua, na akiuona ua Jumatatu atauliza. Mama wa nyumbani aliyesikia kiasi kilicholipwa alijua cha kudai kwa ajili ya karo. Usimamizi wa namna hiyo hauhitaji mkaguzi mwenye gari la kazi, na mzee wa Kimaasai hakuwa na haja ya kufafanuliwa aibu ya kuvunja neno mbele ya watu wa rika lake.

La tatu ni la hiari. Mtu aliweza kuingia na ekari anazotaka, na kutoka alipotaka kutoka kwa utaratibu uliowekwa. Hili liliondoa hofu kwamba serikali inanyemelea ardhi ili ipanue hifadhi, hofu ambayo Kajiado ina historia ya kutosha ya kuiamini. Bila mlango wa kutokea, nadhani wangeingia wachache sana.

Na hapohapo ndipo kamba ilipolegea.

Chukua ekari moja ya Kitengela. Dalali huikata vipande vinane, zile ploti za futi hamsini kwa mia zinazotangazwa kwenye kila nguzo ya stima. Kwa bei ya mkataba, ploti moja ilikuwa na thamani ya shilingi 37 na senti 50 kwa mwaka. Hakuna haja ya kutafuta bei ya soko ili ujue nani angeshinda karibu na lami. Wasimamizi walijua, nguvu ya mpango ilikuwa ndani zaidi, mbali na mji, ambako mshindani wa mkataba alikuwa malisho na si gorofa. Ila uhifadhi wa njia ya wanyama hauhesabiwi kwa jumla ya ekari. Ekari elfu zilizoandikishwa zikikatizwa na ua mmoja mrefu wa mtu ambaye hakuandikisha, nyumbu hapiti.

Hili ndilo kosa la muundo, na lisichanganywe na uhaba wa pesa. Kila mwenye ardhi alifungwa na mlipaji. Hakuna aliyefungwa na jirani yake. Mkataba ulikuwa nyuzi mamia zinazotoka kwenye kigingi kimoja, bila uzi wa kuunganisha ncha na ncha. Jirani akiuza, aliyebaki hakuwa na dai lolote, hata kama shamba lake lilikosa kazi kwa mradi kuanzia siku hiyo. Mnunuzi naye hakurithi ahadi. Wanaofahamu mikataba mikubwa ya ujenzi watakumbuka namna makandarasi wanaogawana eneo moja hufungwa kupeana njia, kupeana ratiba na kulipana wakicheleweshana. Kitengela hakukuwa na sharti la pembeni la namna hiyo.

Upande wa pili uliokosekana ni mamlaka inayopanga matumizi ya ardhi. Ruhusa za kugawa mashamba, kujenga na kuchimba mawe zilitoka serikalini na kwenye Baraza la Kaunti ya Olkejuado, ambalo halikuwa likidaiwa lolote na karatasi ya ukodishaji. Wenye ardhi wenyewe waliliona pengo hilo mapema. Chama chao, KILA, pamoja na watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, walichora ramani za nyua zote na kulisukuma baraza mpaka ukapatikana mpango mkuu wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto. Mmoja wa watafiti hao, David Nkedianye, alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado mwaka 2013. Lakini mpango wa ardhi na mkataba wa kukodisha zilibaki karatasi mbili zisizojuana, na baraza lenyewe likafutwa ugatuzi ulipoanza.

Kuhusu mlipaji nitakuwa mfupi. Pesa ilitoka kwa wafadhili, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2008 iliongezwa nguvu na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia. Mradi wa mfadhili huisha. Kumdai mfugaji uaminifu wa vizazi kwa pesa ya miaka minne ni kumpunja, hata kama hakuna aliyekusudia.

Matokeo? Tafiti za Joseph Ogutu na wenzake zilionyesha kwamba nyumbu wa Athi-Kaputiei walishuka kutoka zaidi ya 26,000 mwaka 1978 hadi chini ya 3,000 baada ya 2011. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilitangulia mkataba, hivyo si haki kuubebesha lawama yote. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Sheria ya wakati huo haikuwa na fidia ya mfugo aliyeliwa. Fidia hiyo ilirudishwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Mkataba unaomlipa mtu kwa nyasi lakini ukanyamaza juu ya mbuzi wake haujagusa ugomvi wenyewe.

Linganisha na kinachofanyika upande wa kusini-magharibi, Kipeto, kwenye mitambo 60 ya umeme wa upepo iliyoanza kuzalisha megawati 100 mwaka 2021. Huko pia ardhi ni ya wafugaji na mifugo inalisha chini ya mitambo. Tofauti ni kwamba malipo ya mwenye ardhi yamefungwa kwenye mauzo ya umeme kwa Kenya Power, mkataba wa miaka 20, na jamii ina fungu lake kupitia amana. Hata tumbusi wa Rüppell wamewekewa utaratibu wa vitendo: waangalizi wanaokodolea macho anga na mtambo unaosimamishwa ndege akikaribia. Najua upepo una mnunuzi na nyumbu hana, kwa hiyo ulinganisho huu una mipaka. Lakini funzo la muundo linabaki, na waliodharau funzo hilo wapo: mradi wa upepo wa Kinangop uliachwa mwaka 2016 baada ya mzozo na wenyeji juu ya ardhi.

Kisheria zana za kuziba pengo zipo. Sheria ya Mazingira ya 1999 na ile ya wanyamapori ya 2013 zinaruhusu sharti la uhifadhi linaloshikamana na ardhi, kwa muda maalum au daima, likimfuata kila anayeinunua. Ni zana nzito, na kwa mfugaji mwenye hofu ya kunyang'anywa inatisha. Mimi ningeitumia kwa miaka kumi au kumi na tano, si milele, na ningeiwasha tu pale majirani wote wa ukanda mmoja wanapokuwa wametia saini. Pasipo hao, isimfunge yeyote.

Kwa hiyo wewe mwenye shamba Isinya au Kipeto unayeletewa mkataba mpya, wa kaboni, wa wanyama au wa umeme, usianze kwa kuuliza bei ya ekari. Uliza jirani yako amefungwa na sharti gani, kaunti imetia saini wapi, na nani atalipa mfadhili akiondoka. Kama hakuna kurasa zinazojibu hayo, rudisha karatasi waiandike upya.