Nyumba za Nsambya na Jicho la Mhifadhi

Aingiaye Nsambya aghalabu hutazama juu, nako ndiko alikokusudia mjenzi atazame. Kileleni lipo Kanisa la Mtakatifu Petro, na karibu yake hospitali ya Mtakatifu Francis. Kambi ya polisi iko mteremkoni, pamoja na ile iliyokuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli. Wenye kuandika habari za majengo ya kale ya Kampala huanzia kileleni na huishia huko huko, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Habari za kilele zinajulikana, nazo zastahili kujulikana. Mapadre wa Mill Hill, shirika la London, walifika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na Kabaka Mwanga akawapa kilima. Miaka mitatu kabla yake Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza walikuwa wamepigana vita mjini. Kuletwa kwa mapadre Waingereza kulikuwa njia ya kuonyesha kwamba Mwingereza naye huweza kuwa Mkatoliki. Kwa hiyo kilima chenyewe kilikuwa hoja kabla hakijawa makazi. Mwaka 1903 wakafika Mama Kevin na masista wenzake, na zahanati yao ikaanza chini ya mwembe.

Lakini sisi tusomeshao Kiswahili tuna deni mteremkoni. Katika Kampala lugha hii haikulelewa na kanisa wala shule, ambako Kiganda ndicho kilichotawala. Ilikaa katika jeshi, katika polisi, na kwa watu wa reli, ambayo ilifika mjini mwaka 1931 na kuleta vibarua na mafundi wa makabila mengi. Katika kota za Nsambya jirani hakuwa na lugha ya mama ya jirani yake, basi wakakutana katika Kiswahili, kwenye bomba la maji na mlangoni. Huenda tusikipende Kiswahili hicho, nami husahihisha makosa yake kila siku. Lakini ni Kiswahili kilichozaliwa na nyumba.

Ushahidi wa jambo hili ni jina. Vile vibanda vya mviringo vya bati walivyopewa askari, vyenye mlango mfupi usioruhusu mtu kuingia amesimama wima, Waganda wote huviita kwa Kiswahili: mama ingia pole. Hakuna mchora ramani aliyepata kulieleza jengo kwa maneno machache zaidi. Mlango umo, kuinama kumo, na mke wa askari aliyebeba maji kichwani yumo. Hata neno pole lina sura mbili, ya mwendo wa taratibu na ya kumhurumia anayeingia.

Je, vitu hivi ni vya kuhifadhiwa? Mwaka 1967 Uganda ilitunga Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria, iliyompa waziri uwezo wa kutangaza kitu au mahali kuwa pa kulindwa. Mwaka huo huo Uingereza ilitunga sheria ya kulinda mitaa mizima, si jengo moja moja tu. Tofauti hiyo si ndogo. Sheria yetu iliona makaburi ya wafalme na mabaki ya kale. Mtaa wa watu wa kawaida haukuwa na pa kuingilia. Sheria nyingine imeshika nafasi yake mwaka 2023, ila sheria mpya haimpi mtu jicho jipya.

Wala tusidhani Waingereza walizaliwa na hekima. Mwaka 1961 walianza kulibomoa lango kuu la stesheni ya Euston mjini London, ingawa lilikuwa katika orodha ya majengo ya kulindwa na watu walilililia. Mfano unaotufaa zaidi ni mji wa Swindon. Huko kampuni ya reli ilijenga nyumba ndogo za mawe kwa wafanyakazi wake katika miaka ya 1840. Katika miaka ya 1960 halmashauri ya mji ilizinunua na kuzitengeneza, na mpaka leo watu wanaishi humo. Nyumba za mafundi wa garimoshi zimeandikwa katika orodha ile ile yenye makasri ya malodi! Kota zetu za reli zilikuwa ndugu zao wadogo, na nyingi zimekwisha kubomolewa.

Kuhusu vibanda vya bati sitaki kueleweka vibaya. Jua likiwaka ndani huwa tanuri, na familia nzima hulala katika chumba kimoja. Anayetaka askari aendelee kukaa humo kwa ajili ya historia, na ahamie yeye. Vibomolewe, na wakaao humo wapewe nyumba za watu. Ila kabla ya hapo kila kimoja kipimwe na kupigwa picha, na kimoja kisimamishwe mahali penye kivuli, jina lake likiwa limeandikwa mlangoni kwa Kiswahili, bila tafsiri, na mlango uachwe na ufupi wake ule ule.