Kapita, Zima Taa Yangu!

Nimelala saa tatu tu, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka ziwani, na naandika haya kabla hata ya chai maana nikisubiri nitapoa. Jana usiku hapa Gatete, kando ya Ziwa Tanganyika, ndani ya kibanda tunachotazamia mpira, wavuvi wanne, fundi wa injini za boti na shangazi mmoja muuza mawese walipiga ukelele mmoja mkubwa, hata muuza duka wa jirani akaja mbio kuuliza nani kafunga. Hakuna aliyefunga. Kwenye televisheni kulikuwa na mkia wa mamba, na sehemu iliyobaki ya kioo ilikuwa nyeusi tititi. Weusi huo ndio nilioulipia.

Ndiyo, nimelipia giza! Roll20, meza ya mtandaoni ya michezo ya kusimulia, ngazi yake ya Plus, mwezi wa kwanza, usiku wa kwanza, na sijutii hata senti.

Kwa ambaye hajakutana na michezo hii: mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anataka kufanya nini, na dadu la pande 20 linaamua kama kimewezekana. Mkubwa wa ukoo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Unahitaji karatasi, penseli, dadu na mdomo. Sisi tumeucheza hivyo muda mrefu tukiwa na dadu moja kwa watu sita, na siku lilipotumbukia kwenye sufuria ya ndagala tulimaliza pambano kwa vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia. Msimulizi ni mimi. Wenzangu wananiita kapita, kama yule anayesimamia kazi botini, ingawa botini kwenyewe mimi hutapika.

Tena tunacheza mbalamwezi tu. Mvuvi wa taa kazi yake ni giza. Mwezi ukishapevuka, ndagala hawaijali taa, na unaweza kuvuta wavu usiku kucha ukapandisha maji. Hapo Apolo zetu, yale maboti mawili yaliyofungamanishwa kwa miti, hupumzika ufukweni, watu wanashona nyavu, na usiku wanakuwa wangu. Nina siku chache katika kila mwezi, kwa hiyo chombo kinachonipotezea usiku mmoja kimenipotezea mengi.

Sasa Roll20 yenyewe. Ilianza mwaka 2012 kwa mchango wa Kickstarter. Waanzilishi walikuwa marafiki watatu waliosoma chuo pamoja, Riley Dutton, Nolan Jones na Richard Zayas, wakatawanyika na wakataka kuendelea kucheza. Inafunguka ndani ya kivinjari, husakinishi chochote. Ya bure si ya kudharau hata kidogo: unapata meza, unaweka ramani, unasogeza vipande, unarusha dadu za pande zozote upendazo, mnaandikiana. Nimeitumia ya bure miezi kadhaa na ningeweza kuishi nayo. Kiswahili hakimo, hilo tulizoee. Mimi nimeiweka kwa Kifaransa na maisha yanaendelea.

Lakini ukilipia Plus unapewa mwanga. Ngoja nieleze polepole, maana hapa ndipo nilipopagawa. Unachora kuta juu ya ramani, mistari ambayo macho hayapenyi. Kisha unafungua kipande cha mchezaji na kukipa macho. Kisha unakipa taa: mwanga mkali ufike umbali gani, mwanga hafifu ufike wapi. Basi. Kuanzia hapo kila mchezaji anaona kile ambacho macho na taa za mhusika wake zinafikia, na kingine chote ni giza. Akisogea, mwanga unasogea naye. Akipita nyuma ya mwamba, kivuli cha mwamba kinazunguka taratibu kama saa.

Unawaonyesha kitu hicho wavuvi wa taa! Watu ambao tangu ujana wao wamekaa juu ya maji meusi wakitazama duara moja la mwanga na kungoja kitakachoingia!

Ugomvi ulianza hapohapo. Kwa kanuni za mchezo, mwenge unaangaza vizuri futi 20 na hafifu futi 20 nyingine, fanusi ni 30 na 30. Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakohoa. «Futi thelathini? Hiyo ni taa ya chooni, kapita.» Walitaka taa za kazini, zile za betri, na wakabishana umbali kwa dakika ishirini huku wakinyoosha mikono kuelekea ukutani. Tukakubaliana 60. Nikafuta namba, nikaandika nyingine, na duara likatanuka mbele yao papo hapo. Kibanda kizima kikasema «aaah» kwa sauti ya chini, vile watu wanavyosema wavu ukianza kuwa mzito.

Ramani niliichora mwenyewe, kipande cha mwambao wetu wenye mawe na matete. Adui hakuhitaji kubuniwa. Sisi wa pande hizi tuna Gustave, yule mamba wa Rusizi na kaskazini ya Tanganyika anayesemekana kuzidi mita 6 na kula watu wasiohesabika. Mfaransa Patrice Faye, aliyempa jina hilo, alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma, na filamu ya jaribio hilo ikaonyeshwa mwaka 2004. Gustave hakuingia kizimbani. Mhusika gani mwingine unamtaka?

Hesabu zake nimezitoa kwenye kanuni za bure, na hapo pana kisa kinachohusu malipo ya mwezi moja kwa moja. Januari 2023 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, walitaka kubana leseni iliyowaacha watu watunge kazi zao juu ya kanuni hizo. Wachezaji walikasirika, na wengi wakaenda kufuta usajili wao wa D&D Beyond, huduma ambayo Hasbro, mzazi wa kampuni hiyo, ndiyo kwanza imeinunua mwaka uliotangulia kwa zaidi ya dola milioni 146. Tarehe 27 ya mwezi uleule kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Mlipaji wa kila mwezi ana hiyo raha moja: anaweza kuacha kulipa. Kwa hiyo mimi, Gatete, nimemtafsiri mamba mkubwa kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa: kinga 14, uhai 85, miraba mitatu kwa mitatu, akikung'ata hakuachii.

Mitambo yetu ilikuwa hivi. Kompyuta yangu ya mapajani ina akaunti ya kapita, inayoona yote. Ya pili, ya kuazima, imeingia kama mchezaji, imepewa vipande vyote vya kundi, na imeunganishwa na televisheni kwa kebo. Ramani niliipunguza uzito kabla, maana mega zinanunuliwa. Karatasi za wahusika ziko kwenye simu, D&D Beyond, akaunti za bure. Kila akaunti ya bure inabeba wahusika 6, na sisi mmoja mmoja anatutosha. Msinifuate kuiweka meza yenyewe ya Roll20 kwenye kioo cha simu: kila kitu kinabanana, kidole kinafunika boti na nahodha wake.

Maboti mawili, taa mbili. Gustave nilikuwa nimeshamweka majini kitambo, na kwa kila zamu namsogeza kimya, miraba michache, ndani ya weusi. Fundi yuko kwenye boti la kwanza. Akawa anatazama televisheni muda mrefu bila kusema, kisha akauliza kama kwenye ziwa langu ndagala wanafuata taa. Nikasema wanafuata. Akauliza kama mamba anafuata samaki.

«Kapita, zima taa yangu.»

Shangazi akageuka. «Mwanangu, ukizima tutaona nini?»

«Zima.»

Nikabofya. Nusu ya televisheni ikafa. Nilisikia friji ya soda ikinguruma na mtu akimeza mate. Likabaki duara la Shangazi peke yake, dogo, upande wa kulia. Akaamua kumfuata fundi, akasogeza boti lake mraba mmoja, mwanga ukateleza, mraba wa pili, wa tatu, na pale kwenye ukingo, kwenye ule mwanga hafifu, kikaingia kitu cha kijani chenye meno ya msumeno mgongoni.

«Mkia! Huo mkia!» Kiti kikaanguka. Ndipo muuza duka alipokuja.

Mimi sikuwa nimesema neno, jamani, sikiliza hilo. Mwaka mzima nimekuwa nikitamka «unaona mkia», na nikishatamka tu kila mtu anajua kuna kitu, hata yule ambaye mhusika wake amelala. Jana mkia ulikuwa pale tangu mapema, na aliyeuona aliuona kwa taa yake. Fundi, akiigiza mhusika wake aliye gizani, akawa anapiga kelele kumwuliza Shangazi mkia uko wapi, uko wapi, maana macho ya mhusika wake hayakufika. Nikakaa kimya. Sijawahi kusimulia vizuri kama nilivyokaa kimya jana.

Pesa sasa. Plus niliilipa kitu kisichofika dola 6 kwa mwezi. Tuko saba, hakuna anayefikisha hata dola moja, na analipa mmoja tu: mwanga wa mchezo wangu unawaangazia wote nilioalika. Ni upatu mdogo. Kuilipa ndiko kulikonitoa jasho. Benki moja ilikataa kadi yangu mara mbili, na dola ya benki na dola ya mtaani siku hizi ni watu wasiosalimiana, hivyo binamu yangu aliye Ubelgiji akalipa, nami nikampelekea mama yake mawese. Kampuni moja ya simu nayo ilinikata katikati ya pambano, mega zote zimekwisha, tukangoja mvuvi mmoja aende kununua.

Wajuzi wataniuliza: mbona si Foundry, meza nyingine ya aina hii? Najua. Ilitoka mwaka 2020, unanunua mara moja kwa dola 50, ananunua kapita peke yake, ina kuta na taa zake, na ukishaithibitisha leseni inaweza kukaa ndani ya kompyuta yako huku wachezaji wakiingia kwa Wi-Fi ya chumbani bila kugusa intaneti ya nje. Kwa hapa kwetu hiyo ni ndoto. Ila dola 50 kwa mkupuo ni mlima, na kompyuta yangu ya kizee ikioneshwa michoro mizito inapumua kama mtu wa pumu. Kwa Roll20 usipolipa mwezi, ramani inabaki na taa zinazimika. Hiyo inaniudhi, na bado nalipa. Mvuvi akikosa mafuta si ziwa linaloondoka.

Nyavu zinarudi majini wiki hii. Gustave amebakiwa na uhai 31, boti la Shangazi limetoboka, na Fundi asubuhi hii amenipigia kabla sijaamka kuuliza kama betri ya boti inaweza kubeba televisheni.