Yupo, Yuko, Yumo: Uwepo wa Mchezaji na Ubunifu wa Papo kwa Papo katika Uhakiki wa Tamthilia ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umejikita zaidi katika matini iliyochapishwa na kuuacha nyuma mwili wa mchezaji. Makala haya yanachunguza dhana za uwepo na ubunifu wa papo kwa papo kwa kuanzia katika mofolojia ya Kiswahili chenyewe, kisha yanazipima kwa kurejelea vichekesho, mradi wa Malya, Mashetani na Nguzo Mama. Hoja kuu ni kwamba ubunifu wa papo kwa papo si upungufu wa matini, bali ni utaratibu wenye kanuni zinazoweza kuchambuliwa.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma tamthilia darasani hufundishwa kutafuta dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Vipengele hivyo ndivyo vinavyomwongoza pia asomapo riwaya. Kinachoitofautisha tamthilia na riwaya, yaani mtu mwenye mwili anayesimama mbele ya watu wengine, hutajwa katika utangulizi wa somo kisha husahauliwa. Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sanaa isiyoandikwa hukosa nafasi katika uhakiki, na hata ile iliyoandikwa husomwa nusu.

Kwingineko mafunzo ya wachezaji yameshughulikia suala hili kwa mapana. Viola Spolin wa Marekani alichapisha mwaka 1963 kitabu kinachofundisha uigizaji kwa njia ya michezo yenye kanuni. Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, alimvisha mwanafunzi kinyago kisicho na hisia ili mwili useme pale uso uliponyamazishwa. Steve Paxton, mwaka 1972, alianzisha namna ya kucheza ambamo miili miwili hubadilishana uzito bila mpangilio uliokaririwa. Kazi hizi zina manufaa, lakini mhakiki wa Kiswahili halazimiki kuanzia huko. Lugha yake ina hazina ya kumtosha kuanza.

2. Ushahidi wa lugha

Vitenzi viwili vinatawala uwanja huu: -cheza na -igiza. Kitenzi -igiza kimetokana na -iga. Ingawa kiambishi chake ni cha kusababisha, hapa hakina maana ya kumfanya mwingine aige. Kimekuza kitendo cha kuiga kuwa kazi ya makusudi. Anayeiga ana kielelezo kilichomtangulia. Kitenzi -cheza hakidai kielelezo cha namna hiyo. Mtu hucheza ngoma, hucheza mpira, hucheza bao. Katika yote, kitendo kinatimia palepale kinapofanyika. Mcheza ngoma na mchezaji wa jukwaani wanaunganishwa na kitenzi kimoja, nao uhakiki umewatenganisha. Istilahi "mchezo wa kuigiza" inavibeba vitenzi vyote viwili, lakini wahakiki wameelemea upande wa pili.

Dhana ya uwepo inadhihirisha zaidi. Neno hili limejengwa juu ya -po, kirejeshi cha mahali mahususi. Kiswahili hutofautisha yupo, yuko na yumo: mahali panapojulikana, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. Tofauti hii inaweza kutumika kama kipimo cha uchezaji. Mchezaji anayekumbuka maneno yake yote lakini hamsikilizi mwenzake yuko jukwaani, ila hayumo mchezoni. Aidha, -po hiyohiyo ndiyo iliyomo katika "papo kwa papo". Kimofolojia, basi, uwepo na ubunifu wa papo kwa papo vinakutana katika mahali mahususi. Mofolojia peke yake haithibitishi namna watu wanavyocheza. Inachofanya ni kumpa mhakiki swali la kuuliza: mchezaji huyu anajibu nini kilichopo hapa, sasa?

3. Vichekesho na Malya

Vichekesho vya Tanzania hutoa jibu la kwanza. Kwa desturi havina matini iliyoandikwa. Wachezaji hukubaliana juu ya mkondo wa kisa, kisha mazungumzo na miondoko huzaliwa mbele ya hadhira. Kicheko cha watazamaji hurefusha tukio na ukimya wao hulifupisha. Hata hivyo, haifai kuutukuza utaratibu huu bila kuupima. Mchezaji anayetakiwa kujibu upesi huchota kwenye ghala lililo karibu, na mara nyingi ghala hilo limejaa wahusika waliozoeleka: mshamba aliyepotea mjini, mlevi, mke mkali. Kinachobuniwa papo hapo, kwa hiyo, chaweza kuwa cha kikale kuliko kilichoandikwa. Uhakiki una kazi ya kutenganisha uhuru wa mwili na mazoea ya mwili.

Mradi wa Malya mkoani Mwanza, ulioendeshwa mwaka 1982 na 1983 na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, unaonyesha njia nyingine. Wanakijiji walilijadili tatizo la mimba za wasichana wa shule na kuunda maonyesho yao kwa kutumia sanaa walizozijua, ikiwamo wigashe, ngoma ya Wasukuma ichezwayo kwa kukaa. Ngoma iliwapa umbo walilolizoea, na jambo jipya likaingizwa humo. Hapa ghala la mazoea halikuzuia fikra, liliibeba.

4. Kuisoma upya matini

Mtazamo huu unazifaidi pia kazi zilizoandikwa. Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein inaanza kwa vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaocheza mchezo wa shetani na binadamu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru anabaki na maradhi ya nafsi. Wahakiki wengi wameueleza mchezo huo kama fumbo la ukoloni mamboleo, na wana haki. Lakini fumbo halielezi kwa nini Kitaru anaugua. Anaugua kwa sababu aliigiza, kisha akajikuta yumo. Mwigizaji asiyeuonyesha mpaka huo kwa mwili wake huligeuza tukio kuwa hotuba.

Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Msomaji huimaliza juhudi hiyo kwa mistari michache. Jukwaani ni uzito, jasho na mikono isiyovuta kwa pamoja. Muda ambao nguzo inayumba hauwezi kuandikwa. Wachezaji huupata kwa kusikilizana, na humo ndimo hoja ya umoja uliovunjika inamoonekana.

5. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubunifu wa papo kwa papo una kanuni, una ghala na una mipaka. Kwa hiyo unahakikika. Yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, maelekezo ya jukwaani yasomwe kwa kuuliza yameuachia mwili nafasi gani. Pili, onyesho moja lirekodiwe zaidi ya mara moja, ili tofauti kati ya usiku na usiku ichunguzwe kama data. Bila hayo, uhakiki wa Kiswahili utaendelea kueleza kilichosemwa na wahusika, pasipo kueleza aliyekuwapo alipokuwa akikisema.